Kabla hujalegeza distributa, uliza gari linakwenda wapi

Mdogo wangu unayeanza gereji hapa Dodoma, kuna mteja utakutana naye mapema tu. Amehamia kutoka Dar na Corolla ya zamani yenye distributa (kifaa kinachogawa moto kwa plagi za injini), au pikapu ya kabureta, na anakwambia: "Fundi, tangu nije huku gari limekuwa zito. Hebu niseti taimingi," yaani wakati ambao plagi inawasha mafuta ndani ya silinda. Tangu serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016, wateja wa namna hii hawaishi.

Mara nyingi gari la huyo bwana halina ugonjwa. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ya huku ni pungufu kwa takribani asilimia 12 ukilinganisha na Dar. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) inavuta hewa kidogo, inachoma mafuta kidogo, nguvu inashuka. Hakuna spana itakayomrudishia hewa hiyo, na ni vizuri umwambie hivyo kabla hujafungua boneti.

Shida ni kwamba ukizungusha distributa ukawahisha moto wa plagi kidogo, gari linachangamka kweli. Kwa hewa hii nyepesi, mchanganyiko ndani ya silinda haubanwi sana, kwa hiyo injini inavumilia taimingi ambayo pwani isingeivumilia. Mteja anafurahi, anakulipa, anakusifia kwa wenzake. Ijumaa anapakia familia na magunia mawili ya karanga, anashika njia ya Dar. Akishaipita Gairo anaanza kushuka: Dumila, Morogoro, Chalinze. Hewa inazidi kuwa nzito na taimingi ni ileile uliyomsetia wewe. Injini inagonga, yaani mafuta yanajiwasha yenyewe kwa kishindo, huku kiyoyozi kimewashwa na muziki uko juu, hasikii kitu. Anakuja kusikia pistoni ikishatoboka.

Kwa hiyo seti kwa ajili ya sehemu ngumu kuliko zote ambazo gari hilo litafika, likiwa na mzigo. Gari la kuzunguka Kizota na sokoni unaweza kuliwahishia moto kwa digrii mbili za mzunguko wa krankishafti (mhimili unaogeuzwa na pistoni) ukaona linavyokwenda. Linaloshuka Dar kila mwezi libaki kwenye namba ya kiwanda. Na hata la hapahapa, kumbuka joto la Oktoba na Novemba kabla mvua hazijaanza: hewa ya moto inaleta kugonga, inakula sehemu ya nafuu uliyopewa na mwinuko.

Kwa nini moto utangulie kabisa? Petroli hailipuki papo hapo, inaungua, na kuungua kunachukua milisekunde chache. Injini ikiwa mizunguko 3,000 kwa dakika, krankishafti inageuka digrii 18 kila milisekunde moja. Plagi ikisubiri pistoni ifike juu kabisa, pistoni itakuwa imeshakimbia chini moto haujakomaa. Ukichelewa sana gari linakuwa zito, linakula mafuta na bomba la moshi linachemka kupita kiasi. Ukiwahi sana, shinikizo linapanda wakati pistoni bado inapanda, na mafuta ambayo moto haujayafikia yanajiwasha yenyewe. Huko ndiko kugonga: kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo.

Kazi yenyewe ni fupi ukiifanya kwa utaratibu. Injini iwe imeshapata moto wa kawaida, kiyoyozi kimezimwa, mguu hauko kwenye akseli. Kwa Toyota zenye injini za 4A, 5A na 7A-FE, tafuta kile kiboksi cha daignosisi chini ya boneti, unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya. Usipounganisha, kontroli boksi (kompyuta ya injini) inaendelea kuchezea taimingi yenyewe na taa itakusomea uongo. Bana taa ya taimingi, inayomulika kila plagi inapotoa moto, kwenye waya wa plagi namba moja, paka chaki kwenye alama ya puli ya krankishafti, usome. Inatakiwa digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu kabisa. Kuzungusha distributa kinyume na mzunguko wa rota (kipande kinachozunguka ndani yake) kunawahisha. Kuifuata rota kunachelewesha. Milimita moja ni nyingi, kwa hiyo igongegonge kwa kiganja, usiizungushe kama bomba la maji.

Alama ya puli nayo usiiamini kichwa kichwa. Puli nyingi zina raba katikati, na raba ikizeeka ule mduara wa nje unateleza na alama inahama nao. Toa plagi namba moja, tumbukiza bisibisi ndefu, geuza injini kwa mkono mpaka bisibisi ifike juu kabisa. Kama alama haipo kwenye sifuri, puli imeteleza. Na ukikuta distributa imefika mwisho wa nafasi yake ya boliti na bado namba haikubali, acha kuing'ang'aniza. Kagua mkanda wa taimingi, pengine umeruka jino.

Sasa petroli. Okteni kubwa haina maana ya nguvu zaidi ndani ya mafuta. Ni kipimo cha uvumilivu, yaani mafuta yatastahimili kubanwa kiasi gani kabla ya kujiwasha. Japani petroli ya kawaida inaanzia okteni 89, na ile ya juu 96. Vitz, IST na Premio nyingi zilizoletwa huku zilitengenezwa kwa ile ya kawaida, na mwenye gari akilinunulia mafuta ghali ili likimbie anajifurahisha tu. Altezza yenye injini ya 3S-GE na Subaru za tabo ni habari nyingine, hizo zinadai okteni ya juu. Soma maandishi kwenye kifuniko cha tenki.

Kuna jambo linalowapita wengi: hedi (kifuniko cha juu cha silinda) iliyochongwa. Gari lililochemsha likachongwa hedi mara mbili lina kompresheni kubwa kuliko ya kiwandani, yaani linabana mchanganyiko zaidi, na litagonga kwa petroli ileile ambayo jirani yake anaitumia salama. Muulize mteja historia ya hedi. Muulize pia anajaza wapi, maana petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa inaporomosha okteni vibaya. Gari likianza kugonga ghafla siku moja baada ya kujaza, usiguse taimingi. Toa yale mafuta.

Kwa magari yenye koili juu ya kila plagi hakuna cha kuzungusha. Sensa ya kugonga inasikia, kontroli boksi inachelewesha moto, na dereva anaona gari limekosa nguvu tu. Hapo tafuta chanzo: joto, kaboni, plagi zisizo namba yake, au sensa yenyewe.

Ukimaliza, usimkabidhi mteja gari kwa kulisikiliza likiwa limesimama. Panda nalo kilima cha kwenda UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), gia ya nne, mwendo mdogo, kanyaga mpaka mwisho, vioo vimeshushwa na redio imezimwa. Likigonga kidogo kisha likanyamaza, rudisha digrii mbili. Kwa anayekwenda Iringa mara kwa mara mwambie asikilize akipanda mlima wa Nyang'oro na mzigo, akupigie simu. Namba uliyoiacha iandike kwa maka peni chini ya boneti pamoja na tarehe, fundi mwingine asianze kubahatisha.