Kuegemeza mti mzee badala ya kuukata: ushauri kwa mafundi wanaoanza

Mwembe mkongwe wa uani ukianza kuchanika, au jakaranda la mbele ya shule, au mtini unaofunika nusu ya soko, watu huita mwenye msumeno kabla ya kumwita mtu wa kuutazama. Msumeno humaliza kazi kwa siku moja, na kivuli kile hakitarudi katika umri wa aliyekiondoa. Mingi ya miti hiyo ina kiungo kimoja tu kilicho dhaifu, na kiungo kimoja kinaweza kusaidiwa.

Lakini elewa mapema: kebo haiponyeshi mti. Ufa hauungani tena, na sehemu iliyooza haigeuki kuwa mbao nzima. Kebo, chuma na nguzo hupunguza tu mwendo wa kiungo dhaifu ili upepo usikimalize. Ukishavifunga umejipa kazi ya kuvikagua kila mwaka, na kama mwenye mti hayuko tayari kwa hilo, mweleze wazi, na wewe usifunge.

Anza kwenye panda

Udhaifu mwingi wa miti mikubwa uko pale shina linapogawanyika mawili. Simama chini ya panda uitazame pande zote mbili. Panda nzuri ina umbo la U, na gome lake limetuna kwa nje na kufanya mkunjo unaoonekana. Panda mbaya ina umbo la V lililobana, na gome limezama ndani kati ya mashina mawili. Pale hakuna mbao iliyoshikana na mbao. Kuna gome lililokandamizwa na gome. Kila shina linavyonenepa ndivyo linavyomsukuma mwenzake. Miembe iliyoota yenyewe kutokana na kokwa mara nyingi hugawanyika hivyo kwenye kimo cha kifua, na watu hawajali mpaka mti ufike mita 15.

Ukiona uvimbe unaojitokeza pande zote mbili chini ya panda, mfano wa masikio, jua mti umekuwa ukiongeza mbao mpya pale kwa sababu unahisi kiungo kinacheza. Maji meusi yanayochuruzika, au siafu wanaoingia na kutoka katika mstari wa panda, ni dalili za upenyo. Ufa ukiuona, angalia rangi yake. Ufa wa zamani una kijivu ndani na midomo yake imejiviringa kwa gome jipya. Ufa wenye mbao nyeupe au ya manjano na kingo kali umetokea juzi, nao ni dharura: ondoa watu chini, zungushia kamba, na usipande.

Kisha tafuta uvungu. Gonga shina kwa nyundo ya mbao kuanzia usawa wa ardhi hadi unapofika, ukisikiliza mlio unapobadilika. Kwenye tundu ingiza spoku ya baiskeli iliyonyooshwa, upime imezama kiasi gani kabla ya kugota mbao ngumu. Uvungu peke yake si hukumu. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba ukuta wa mbao nzima uwe angalau asilimia 30 ya nusu kipenyo: shina lenye kipenyo cha sentimita 80 lahitaji ukuta wa sentimita 12. Tundu likiwa na mdomo mpana ulio wazi, kuwa mkali zaidi ya hapo. Mbuyu uweke kando na hesabu hii, kwa sababu mbao yake ni laini, imejaa maji, na uvungu ni maumbile yake.

Mwisho kagua miguu ya mti. Uyoga mgumu wenye umbo la rafu kwenye shina karibu na udongo, ardhi iliyopasuka upande mmoja, mti ulioanza kuinama mwaka huu: hayo ni matatizo ya mizizi. Kebo inayofunga tawi kwa tawi haiwezi kuzuia mti unaong'oka. Hapo mweleze mwenye mti ukweli, kwamba mti ushushwe.

Kabla ya chuma, punguza uzito

Egemeo la bei nafuu kuliko yote ni kuhamisha kilicho chini. Benchi, meza ya mama lishe au kijiwe cha bodaboda kikisogezwa mita 8, hatari inaweza kupungua kuliko kwa kazi yoyote ya juu ya mti.

La pili ni kupogoa ncha. Tawi refu ni wenzo, na uzito ulio nchani ndio unaokitesa kiungo. Fupisha tawi kwa kulikata mbele tu ya kitawi kinachoelekea nje, chenye unene usiopungua theluthi moja ya unene wa tawi unalolikata. Kwa mti mzee usiondoe zaidi ya asilimia 10 hadi 15 ya majani kwa mara moja, na jitahidi kidonda kisizidi sentimita 10. Mwembe upogolewe baada ya mavuno, maana tawi lile lile hubeba mzigo mkubwa zaidi maembe yanapokomaa.

Yapo makosa mawili ambayo tungependa yakome. Moja ni kusafisha matawi madogo ya ndani na kuacha kishungi cha majani nchani, ambalo hupeleka uzito wote mahali pabaya. Jingine ni kukata kichwa chote cha mti. Machipukizi yanayofuata hushika kwenye mbao ya juujuu tu, na baada ya miaka michache unakuwa na matawi mengi, mazito, yenye viungo vibovu kuliko ulivyoanza.

Kebo

Kebo hufungwa juu, kwenye theluthi mbili za umbali kutoka kwenye panda hadi kilele. Kama kutoka panda hadi juu ni mita 9, kebo iwe mita 6 juu ya panda. Vijana wengi huifunga chini kwa sababu ndipo ngazi inapofika. Ikiwa chini, mkono wa wenzo unakuwa mfupi, nguvu inayoivuta kebo inapanda sana, na sehemu ya juu inaendelea kuyumba vilevile.

Zipo aina mbili. Kamba za polipropilini au poliesta zilizosukwa maalumu kwa miti huuacha mti uyumbe kidogo na kuuzuia unapozidi. Zinafaa kwa panda ambayo bado haijachanika. Haziingii kwenye mbao. Huzungushwa shina kwa mkanda mpana na kuachiwa nafasi ya mti kunenepa. Mwongozo wa Ujerumani unaotumiwa sana unataka, kwa tawi lenye kipenyo cha hadi sentimita 40 kwenye kiungo, kamba yenye uwezo usiopungua tani 2. Hadi sentimita 60, tani 4. Hadi sentimita 80, tani 8. Ifunge ikiwa imelegea kidogo, isikakamae. Watengenezaji wengi huipa kamba hizi maisha ya miaka 8 hadi 12. Jua la Pwani ni kali, kwa hiyo hesabu miaka 8.

Kama ufa umeshatokea, tumia kebo ya chuma, kwa sababu hapo hutaki mwendo kabisa. Kebo ya mabati ya milimita 10 yenye nyuzi 6 huvumilia zaidi ya tani 5 ikiwa mpya, lakini kuifunga kwa klempu za U kunapunguza uwezo huo hadi kama asilimia 80. Weka klempu tatu, kila moja umbali wa milimita 60 hivi na mwenzake. Mgongo wa klempu, ile sehemu yenye mikunjo, ukae upande wa waya unaobeba mzigo. U yenyewe ibane mkia, yaani ncha fupi ya waya iliyorudi baada ya kitanzi. Ukigeuza, U inauponda waya unaobeba. Ndani ya kitanzi weka kikinga cha chuma ili waya usikunjike kwa kona kali.

Kwenye mti kebo hushikwa na bolti yenye jicho iliyopita shina lote, ikiwa na wosha pana na nati upande wa pili. Tundu la keekee lizidi bolti kwa milimita 2 au 3 tu, na lisizidi sehemu moja ya sita ya unene wa tawi. Bolti na kebo vikae katika mstari mmoja ulionyooka. Bolti ikivutwa kwa pembeni itapinda, kisha itapanua tundu. Kabla ya kukaza nati, vuta mashina yakaribiane kidogo kwa winchi ya mkono, funga kebo, ndipo ulegeze winchi taratibu.

Kamwe usizungushe waya moja kwa moja kwenye shina, hata ukiuvisha mpira wa bomba. Mti utanenepa, waya utazama kwenye gome na kukata njia ya chakula kinachoshuka kutoka kwenye majani, na tawi ulilotaka kulilinda litavunjika pale pale. Bolti inayopita katikati inaonekana ya kikatili, lakini jeraha lake ni dogo na mti hulizungushia ukuta wake wenyewe.

Kuhusu usalama wako: usining'inie kwenye shina lenye ufa. Kwanza funga mashina yote mawili kwa mkanda wa mizigo wa tani 5 wenye kikaza, juu ya panda, ukiwa kwenye kikapu cha kreni au kwenye ngazi iliyoegemea mti mwingine. Mkanda huo ni wa siku za kazi tu. Kama nyaya za umeme zinapita karibu, shirika la umeme lizime laini kwanza.

Chuma cha hesi kwenye panda

Panda iliyochanika huhitaji chuma chenye hesi, cha nusu inchi hadi inchi moja kadiri ya unene wa shina, kilichopita mashina yote mawili na kukazwa kwa wosha na nati pande zote. Kimoja kikae juu ya panda, kwa umbali wa mara moja hadi mbili ya unene wa shina, na vingine vipite ndani ya ufa wenyewe. Visipangwe katika mstari mmoja wa wima, kwa maana mbao hupasuka kufuata nyuzi zake na utakuwa umeuchorea ufa njia. Na usiweke chuma bila kebo juu yake.

Nguzo, na mizizi iliyo nguzo

Tawi refu linalolala kuelekea ardhini halina shina la jirani la kulifunga, kwa hiyo hubebwa kwa chini. Mwaloni maarufu wa msitu wa Sherwood, Uingereza, ulifungwa minyororo mwaka 1908, na baadaye matawi yake yakawekewa nguzo. Tumia bomba la chuma lililopakwa rangi ya kuzuia kutu, na juu yake kitako chenye umbo la nusu bomba, upana wa sentimita 25 hivi, kilichotandikwa mpira mnene. Nguzo iguse tawi bila kuliinua, kwani tawi zee likiinuliwa sentimita chache huweza kupasuka kwenye kiungo. Shimo la msingi lichimbwe kwa mkono. Ukikuta mzizi mnene kuliko kidole gumba, sogeza shimo. Weka pia pini au kizuizi pembeni, la sivyo siku ya upepo tawi litainuka na kurudi chini likiikosa nguzo.

Mitini yenye mizizi inayoning'inia, kama ile ya miji yetu ya Pwani, ina njia yake nzuri zaidi. Chagua mizizi michache chini ya tawi zito, ipitishe ndani ya mianzi iliyotobolewa vifundo na kujazwa udongo uliochanganywa na samadi, na umwagilie mpaka ifike ardhini. Ikishashika hunenepa na kuwa nguzo zilizo hai. Wahindi wanalijua hili vizuri: mtini mkubwa wa bustani ya mimea ya Howrah, karibu na Kolkata, uliondolewa shina kuu lililooza mwaka 1925, na hadi leo unasimama kwa maelfu ya mizizi hiyo. Kwa hiyo mfanyabiashara anayekata mizizi hiyo ili kibanda kipate nafasi anaondoa nguzo za kesho za mti, na inafaa kumweleza hivyo kwa upole.

Kujaza uvungu zege kumeachwa. Zege haliyumbi na mti, hivyo husuguana na ukuta mwembamba wa mbao, na hushika unyevu nyuma yake. Kutoboa tundu la kutoa maji nako kunavunja ukuta ambao mti umeujenga kuzuia uozo. Acha uvungu wazi.

Ukaguzi

Kagua mara moja kwa mwaka, Februari ikiwezekana, kabla ya masika kulainisha udongo na kabla ya upepo wa kusi, na tena baada ya dhoruba yoyote kubwa. Tafuta kutu kwenye klempu, kebo iliyolegea au iliyokakamaa kuliko ulivyoiacha, mkanda ulioanza kubana gome, wosha iliyomezwa na mbao. Wosha iliyomezwa si tatizo, iache. Pigilia misumari miwili midogo, mmoja kila upande wa ufa, na upime kati ya vichwa vyake kila unaporudi. Umbali ukiongezeka, mfumo haufanyi kazi hata kama kebo inapendeza. Andika tarehe, kipimo hicho, urefu wa kebo kutoka ardhini, unene wa bolti na mwaka wa kutengenezwa kwa kamba, kisha nakala mwachie mwenye mti, kwa sababu huenda fundi atakayekuja baada ya miaka 8 kubadilisha kamba si wewe.