Kupata fedha kwa makala za mapishi

Ndugu yangu, umeuliza namna ya kupata fedha kutokana na makala zako za mapishi bila kuwaudhi wasomaji. Kinachomkera msomaji si tangazo lenyewe, bali ni lile linalochomoza na kufunika orodha ya mahitaji wakati mikono yake imejaa unga. Kwa hiyo weka matangazo machache, chini ya makala, na ukilipwa kusifu sufuria au mafuta fulani, liseme hilo katika mstari wa kwanza kabisa. Gazeti la The Guardian la Uingereza huacha makala zake nyingi mtandaoni wazi kwa wote, na tangu 2016 huwaomba wasomaji wachangie kwa hiari. Nawe weka namba ya kupokelea michango kwa simu, ingawa nakiri kwamba mwanzoni itaingia kidogo kidogo.