Raundi tatu kwenye nailoni hazishiki, usiingie majini hivyo

Kaka, acha kwanza. Umesema boti ni ya faiba ya mita 7, mnyororo wa milimita 8, kamba ya nailoni ya nyuzi tatu ya milimita 14. Unataka kuunga kamba na mnyororo wa nanga kwa kusuka nyuzi raundi tatu tu, kisha uzungushie utepe mweusi "ikae vizuri". Hizo raundi tatu zitakuachia kamba mkononi na nanga chini. Mimi nimepoteza nanga na mita 10 za mnyororo kwa kosa hilo hilo.

Raundi tatu ni za katani na kamba za makumbi. Nyuzi zake zina manyoya, zinang'ang'aniana. Nailoni ni laini, inateleza, na ikivutwa inarefuka na kuwa nyembamba. Kila wimbi likinyanyua omo, yaani mbele ya boti, uzi unarudi ndani kidogo sana, huwezi kuona kwa siku moja. Bahari ikiwa shwari inashika, unaamini kazi imekwisha. Upepo wa kusi ukivuma usiku kucha, inachomoka. Muuzaji wa vifaa aliyenihakikishia kwamba "tatu zatosha, wazee wote wanafanya hivyo" alikuwa anauza nailoni kwa maarifa ya katani, na hadi leo inanikera, kwa sababu kukosea kwake kulikuwa ni suala la kuongeza dakika kumi tu.

Nailoni ni raundi tano kamili, zisipungue. Raundi moja ni nyuzi zote tatu kupita kila mmoja mara moja. Ongeza mbili za kupunguza unene: kila raundi kata theluthi ya nyuzinyuzi za kila uzi, maungio yaishe kwa mchongoko.

Fungua kamba sentimita 45 na ufunge utepe pale unapoishia ili isiendelee kufumuka. Choma ncha za nyuzi kidogo tu. Kwenye pete ya mwisho ya mnyororo, ipapase kwanza kwa kidole mahali ilipochomelewa. Ukihisi kipele, piga tupa, maana kipele hicho kitakula kamba taratibu. Pitisha nyuzi mbili kutoka upande mmoja na wa tatu kutoka upande wa pili, vuta mpaka kamba ibane pete. Utepe sasa utoe. Kisha suka kurudi kwenye kamba kinyume na msokoto: juu ya uzi mmoja, chini ya unaofuata. Katika kila uwazi utoke uzi mmoja. Ukiona mbili zimetokea mahali pamoja, umekosea, fumua raundi hiyo. Ukivuta, usiuache uzi ulegee msokoto wake, ukibapa haubani.

Mwishoni acha vishungi vya sentimita 2, usivikate karibu. Hivyo ndivyo vinavyokuonya: vikifupika, maungio yanateleza. Ndiyo maana utepe mweusi sitaki kuuona hapo, unaficha jambo pekee unalotakiwa kuliangalia.

Kuunga moja kwa moja kwenye pete kunafaa zaidi ukiwa na winchi ya nanga, ili kamba na mnyororo vipite bila kukwama. Unavuta kwa mikono? Suka kitanzi kuzunguka ile pete ya chuma ya mfereji yenye umbo la tone, raundi tano vilevile, ukiunganishe na mnyororo kwa shekeli, ile pingu ya chuma yenye pini, na pini uifunge kwa waya. Kamba haisuguani na mnyororo. Na ile ya plastiki wanayoiita manila usinunue kabisa kwa nanga. Inaelea, jua linaila.

Kamba hukaa na maji ya chumvi pale kwenye maungio, kwa hiyo pete ya mwisho huoza kabla ya nyingine zote. Pindua nyuzi uitazame. Ukikuta kutu inabanduka, kata kamba juu ya maungio, ondoa pete mbili tatu za mnyororo, suka upya.