Usitoe themostati, na hizo rimu za 16 usizimalizie malipo

Usimalizie malipo ya hizo rimu. Kama kianzio umeshatoa, mdogo wangu, kiache kilale huko kwanza, turudi kwenye ile sentensi uliyoipitisha katikati kana kwamba si kitu: "inachemsha kidogo nikipanda kwenda Kasulu, fundi kasema atoe themostati itatulia." Umeuliza kuhusu rimu za inchi 16, springi fupi za kushusha gari, sailensa ya kunguruma na rangi, kwenye Toyota Corolla 110 aliyokuachia mjomba wako, injini 5A, na mfukoni una shilingi 1,500,000. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo vinne kinachoweza kuua injini ndani ya wiki moja. Kuitoa hiyo themostati, valvu inayoongoza maji ya kupoza injini, kunaweza.

Nilifanya hayo hayo kwenye 110 niliyopewa na baba mdogo, hapa hapa Kigoma, kwa ushauri wa mtu wa aina hiyo hiyo. Rimu zilikuwa mpya, hedi (kichwa cha injini, kinachokaa juu ya bloku) ikapinda. Nisikuchoshe na simulizi, nikueleze kwa nini ilipinda.

"Themostati ni ya nchi za baridi." Neno hili linanikera mpaka leo. Anayelisema hajawahi kuishika themostati ya injini hizi akaitazama kwa makini. Ina visahani viwili. Kikubwa kinazuia maji yanayotoka kwenye rejeta, pale mbele yanapopozwa na upepo. Kidogo, cha chini, kazi yake ni kuziba njia ya mkato ambayo maji hupita asubuhi injini ikiwa baridi, yakizunguka ndani kwa ndani bila kufika kwenye rejeta. Injini ikipata moto, kikubwa kinafunguka na kidogo kinaziba ile njia ya mkato, na hapo maji yote yanalazimika kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi moja kwa moja. Sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupozwa.

Kwenye tambarare, jioni, Mwanga hadi Ujiji, hutagundua. Mshale utakaa chini kabisa na utamshukuru fundi. Siku utakayopakia watu wanne na madumu ya mawese ukaanza kupanda, utaihitaji rejeta nzima na hutakuwa nayo. Kitabu cha ufundi cha Toyota wenyewe kinakataza jambo hili waziwazi: usitoe themostati hata kama injini ina tabia ya kuchemsha, kwa sababu uwezo wa kupooza unashuka. Wenye gari wamesema hivyo, halafu mtu wa chini ya mwembe anawarekebisha kwa kujiamini, na hela ya kurekebisha injini hatoi yeye.

Kuna madhara ya pili yanayokuja polepole. Sensa ya joto inaiambia kompyuta kwamba injini bado ni ya baridi, kompyuta inaendelea kumwaga petroli kama ya asubuhi. Plagi zinakuwa nyeusi, mafuta yanakwenda, na petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka kuichanganya iliyoko chini. Pete za pistoni zinaisha kabla ya wakati wake.

Sasa tafuta kwa nini linachemsha. Anza na vya bei rahisi.

Mfuniko wa rejeta ndio wa kwanza. Juu umechapwa namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha unayoishikilia kabla ya kuachia maji yaende kwenye chupa ya akiba. Kigoma mjini tuko mita 770 na ushee juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, hayafiki 100. Kasulu ni juu zaidi, yanachemka mapema zaidi. Mfuniko mzima wa 0.9 unakisogeza kiwango hicho kupita 115. Ukipasuka mpira au springi yake ikilegea, unarudi kwenye 97, wakati injini nzima hufanya kazi kati ya 85 na 95. Mlima mmoja tu unakula tofauti hiyo. Ugeuze uutazame: mpira usiwe umekakamaa wala kukatika, na ile valvu ndogo ya katikati ivutike na kurudi. Ukikuta asubuhi mpira wa juu wa rejeta, ile hosi nene ya maji, umejibana kama chupa iliyofyonzwa, valvu hiyo imekufa. Nunua mfuniko mpya wa namba ile ile, usipande namba ukidhani unaongeza nguvu. Utapasua rejeta ya zamani.

Rejeta yenyewe: chungulia kati ya mapezi yake. Udongo mwekundu wa huku ukichanganyika na wadudu na majani unakuwa kama plasta. Osha kwa maji ya bomba la kawaida kutokea upande wa injini kuja mbele, polepole, maana mashine ya presha inalaza mapezi. Ndani nako kuna kutu. Endesha gari lipate moto, zima, toa ufunguo kabisa maana feni huweza kuwaka yenyewe, halafu pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta. Penye ubaridi katikati ya moto pameziba. Ikibidi ubadilishe na gari ni la otomatiki, hakikisha hiyo unayonunua ina viungio viwili vya bomba za oili ya giaboksi kwenye tangi la chini. Rejeta za mtumba zilizotoka kwenye gari la manyuo, yaani la gia za mkono, hazina. Na ikiwa kipoozeo cha oili kilichomo ndani ya tangi hilo kimetoboka, maji na oili ya giaboksi vinachanganyika, utaikuta rangi ya waridi yenye povu, na giaboksi inaondoka.

Feni ya 110 ni ya umeme. Washa swichi bila kuwasha injini, chomoa waya wa swichi ya joto ya feni. Feni inatakiwa izunguke. Isipozunguka, shida iko kwenye fyuzi, rilei au mota. Ikizunguka kwa kuchomoa lakini haizunguki gari likipata moto, badilisha hiyo swichi.

Halafu belti ya altaneta. Kwenye injini hizi ndiyo inayozungusha wota pampu (pampu ya maji), siyo taimingi belti, ile ya ndani inayoendesha valvu. Kwa hiyo taa nyekundu ya betri ikiwaka ukiwa njiani usiseme "nitafika tu Kidahwe". Belti ikiwa imekatika, maji yamesimama ndani ya injini.

Themostati ipime badala ya kuitupa. Ifunge uzi, ining'inize kwenye sufuria ya maji jikoni isiguse chini. Inaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na ikifika 95 iwe imeachia angalau milimita 8. Kama huna kipimajoto, subiri maji yatokote vizuri. Ikiwa bado imefumba, au imefunguka nusu na kugoma, nunua nyingine ya joto lile lile. Wakati wa kufunga, kale kapini kadogo kanakochezacheza kwenye ukingo kakae juu, ndiko kanakotoa hewa. Weka na mpira wake mpya.

Kama ndani mna maji ya bomba, yatoe yote. Kuna koki chini ya rejeta na kuna nati ya kumwaga kwenye bloku, ambayo mafundi wengi hawaigusi, kwa hiyo nusu ya tope linabaki. Suuza mpaka yatoke meupe. Kisha nusu kulanti nzito (dawa ya maji ya rejeta isiyochanganywa), nusu maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea betri (siyo asidi, soma chupa). Lita 3 kwa 3 zinakutosha. Jaza taratibu mfuniko ukiwa wazi, hita ya ndani iwe kwenye moto, injini ikiunguruma bila kukanyagwa, mpaka mpira wa rejeta upate moto na mapovu yaishe. Hewa ikibaki ndani, inakaa pale pale kwenye hedi.

Likichemsha njiani: zima AC, fungua hita moto wote na feni yake ya ndani, egesha, zima injini. Usimwagie maji. Usifungue mfuniko mpaka uweze kuushika mpira wa juu kwa mkono bila kuungua. Na usidanganywe na mshale. Maji yakiisha kabisa, sensa inabaki kwenye hewa na mshale unashuka ghafla. Ukiona umeshuka wenyewe katikati ya mlima, gari halijapona, limekauka maji. Mimi ndipo nilipoendelea kuendesha.

Hedi ya 5A ni alumini, bloku ni chuma. Alumini inatanuka zaidi, imebanwa kwa boliti pande zote, kwa hiyo ikizidi joto inapinda. Kiwango kinachoruhusiwa upande unaokaa kwenye bloku ni milimita 0.05, yaani wembamba wa unywele. Kwa jicho huoni kitu. Kwa hiyo fundi atakayekuwekea gasketi mpya na silikoni bila kuweka rula ya chuma iliyonyooka na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) juu ya hedi, msimamishe. Gasketi hiyo itapasuka tena. Na wewe mwenyewe kabla ya yote angalia dalili: oili chini ya kifuniko chake imekuwa kama chai ya maziwa, mapovu yasiyokwisha kwenye rejeta, mpira wa juu kuwa mgumu dakika moja tu baada ya kuwasha asubuhi. Ukikuta hivyo, hela yote uliyonayo ina kazi.

Hedi ikifunguliwa, matundu ya boliti kwenye bloku yakaushwe kabisa. Tone la maji au oili likibaki chini, boliti ikibanwa inapasua bloku. Boliti zina urefu wa aina mbili, zipangwe kila moja inapotoka. Kubana ni kuanzia katikati kwenda nje, kwa spana ya kupimia nguvu, 29 Nm, halafu robo mzunguko, halafu robo tena. Anayekuambia "mkono wangu unajua" asiiguse.

Kuhusu springi fupi, zinahusiana na haya haya. Ukishusha gari, matuta ya huku yanang'oa kava ya chini ya injini. Watu wanaidharau, lakini ndiyo inayoongoza upepo upite kwenye rejeta na kuzuia tope lisirukie belti na altaneta. Rimu za 16: kama sasa una tairi za 175/65 R14, ukuta wa tairi ni karibu milimita 114. Ukiweka 195/45 R16 ili kimo kibaki kile kile, ukuta unabaki 88. Shimo moja la barabara ya vumbi linafika kwenye chuma, na bushi na bojointi za mjomba ambazo hazijabadilishwa zinapokea kilichobaki.

Hesabu yangu kwenye 110 yoyote ya kuachiwa ni moja: hakuna shilingi inayoongezwa kwenye gari mpaka lipande hadi Kasulu na watu wanne, AC ikiwaka, bila mshale kusogea. Taimingi belti nayo, kama hujui ilibadilishwa lini, ihesabu kwamba imeshapita kilomita 100,000 na uibadilishe. 5A ikikata belti haipindi valvu, lakini itakuacha porini.

Kesho asubuhi kabla ya kuwasha, injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, ingiza kidole, angalia rangi inayoganda kwenye ncha, na usome namba iliyochapwa juu ya mfuniko. Niambie vyote viwili kabla hujaenda kwa huyo fundi.