Re: Kituo cha watoto chuoni, ni cha kulelea tu?

Dada, umeuliza kama kituo cha watoto ndani ya chuo hapa Iringa kinaweza kumfundisha mtoto wa miaka mitatu, au ni pa kumwacha tu wakati uko darasani. Kinafundisha, tena sana, kikiendeshwa vizuri.

Faida yake kubwa ni wanachuo wa ualimu. Wanakaa na watoto, wanaona mtoto anavyogombania mpira au anavyohesabu vizibo vya soda, wanaandika, kisha mkufunzi wao anawasahihisha. John Dewey, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, alianzisha shule ya namna hiyo Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896: watoto walipika, walishona, walichonga mbao, na hesabu ikaingia humo humo. Huko North Carolina, jimbo jingine la Marekani, kuanzia 1972, watafiti wa chuo kikuu walilea watoto wachanga wa familia maskini kutwa nzima hadi miaka mitano, kwa michezo na mazungumzo mengi. Walipofika miaka 21, waliokuwa wamejiunga na chuo walikuwa wengi kuliko wenzao wasiopata malezi hayo.

Ila usiridhike na jina la chuo getini. Nenda asubuhi, ukae. Mlezi mmoja ana watoto wangapi? Anaongea nao au anawanyamazisha? Na kwa baridi hii ya Juni, wanalala wapi? Mwanangu nilimtoa kituo kimoja kwa sababu walikuwa wakikaririshwa a, e, i, o, u tangu asubuhi hadi uji wa saa nne.