Nani amemzoeza kasa?

SWALI: Tunaandaa bango la klabu ya mazingira ya shule yetu hapa Msimbati, Mtwara. Tumeandika: "Homoni za uzazi zikipanda, kasa hufanya zoezi la utagaji wa mayai." Mwenzangu anasema homoni ni neno la kigeni, tuweke vichocheo. Lipi sahihi?

JIBU: Mwalimu, andika homoni ukalale. Neno hilo lilianza kutumika Uingereza mwaka 1905, likatokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuchochea, kwa hiyo mwenzako hajapotea sana. Ila kichocheo tayari kina kibarua chake katika kemia, cha kuitwa kitu kinachoharakisha mmenyuko, na homoni imeshapata uraia. Hilo limekwisha.

Lililoniharibia chai ni hilo zoezi. Nani amemzoeza kasa? Zoezi limetokana na zoea: unarudia jambo mpaka likuingie. Wanafunzi wako wana zoezi la hesabu, askari wana zoezi la shabaha, sawa. Lakini siku hizi kila mwenye kipaza sauti ana zoezi lake: zoezi la mnada wa korosho, zoezi la chanjo, zoezi la kupokea wageni. Msibani nimesikia "zoezi la mazishi", kana kwamba marehemu atafukuliwa kesho tujaribu tena.

Sasa mtazame huyo kasa. Hata ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza, hupanda pwani usiku, akajichimbia pa kulala kwa mapezi ya mbele, kisha mapezi ya nyuma yakapokezana kuchota mchanga, moja likichota jingine likingoja, mpaka shimo lipatikane. Hutaga mayai mia na ushei, akafukia, akarudi majini. Hakufundishwa na mtu. Miezi kadhaa kabla, homoni iitwayo estrojeni ilishaliamrisha ini litengeneze malighafi ya kiini cha yai. Akishataga, ndani ya siku mbili hivi homoni nyingine, projesteroni, hupanda ghafla na mayai ya awamu nyingine huachiliwa na ovari. Wiki mbili baadaye, huyo tena pwani. Testosteroni, homoni tunayodhani ni ya madume tu, ila majike nao wanayo, hushuka kadiri msimu unavyoyoyoma. Kwa hiyo hata "zikipanda" yenu ni nusu ya habari.

Na "utagaji wa mayai"? Kwani angetaga korosho? Hapo nawavumilia, maana "kutaga mayai" tunasema sote. Nisichoweza kumeza ni huku kufanya utagaji, kufanya uogeleaji, kufanya ulaji, kana kwamba vitenzi vimepigwa marufuku. Wavuvi wenu wanasema kasa kapanda kutaga, na kila mtu anaelewa.

Bango liseme: "Homoni humwandaa kasa; mayai yakiwa tayari, hupanda pwani usiku kutaga." Mkuu wa shule akiulizia zoezi lake, mwambie liko darasani, linasahihishwa.