Maswali na majibu: Wanaume wa mtandaoni na kura zetu

Tangu nigusie katika safu hii harakati za haki za wanaume mitandaoni, na namna wanasiasa wanavyozidi kuzichukua, maswali yamenijia mengi kutoka Kigoma mjini, Kasulu na Uvinza. Nimechagua machache. Matusi nimeyaacha yalipo.

Shikamoo Mwalimu. Hapa mwaloni, tukisubiri boti, tunaangalia klipu za akina Andrew Tate na za Wakenya wanaofundisha uanaume. Wazee wanasema ni porojo. Kweli porojo hizi zinaweza kugusa siasa? — Kijana wa Kibirizi

Marahaba, mwanangu. Zinagusa, tena nchi nzima. Watu hukimbilia kutaja Marekani, mimi nakupeleka kwanza Korea Kusini. Kule kila kijana wa kiume mwenye afya lazima aende jeshini mwaka mmoja na nusu au zaidi, msichana halazimishwi. Akirudi uraiani anakuta kazi ni za kugombania, nyumba za Seoul hazishikiki, na wasichana aliosoma nao wameshamtangulia ofisini. Hilo ni dukuduku la kweli, simcheki mtu. Ila mitandaoni dukuduku hilo likatafutiwa mtu wa kulaumiwa, na mtu huyo akawa mwanamke anayedai usawa. Mwaka 2021 kampuni moja ya maduka ilijikuta ikiomba radhi kwa sababu tangazo lake lilichorwa vidole viwili vikitaka kushika soseji, na vijana wakadai ni ishara ya kudhihaki maumbile ya wanaume. Hapo unaruhusiwa kucheka kidogo. Wanasiasa hawakucheka, walihesabu.

Juni mwaka huohuo chama cha kihafidhina kilimchagua mwenyekiti wa miaka 36, Lee Jun-seok, aliyejipatia jina kwa kuyasemea manung'uniko hayo. Januari 2022 mgombea wao wa urais, Yoon Suk Yeol, akaandika Facebook maneno machache sana: kuifuta Wizara ya Usawa wa Jinsia na Familia. Basi, bila maelezo. Machi akashinda kwa tofauti ya asilimia 0.73. Wapiga kura waliohojiwa wakitoka vituoni walionesha kwamba wanaume walio chini ya miaka 30, karibu 59 katika kila 100, walimpa yeye. Wanawake wa rika lilelile, 58 katika kila 100, walimpa mpinzani wake, Lee Jae-myung. Hao ni kaka na dada waliokulia nyumba moja.

Halafu ikawaje? Wizara haikufutwa, maana bunge lilikuwa mikononi mwa upinzani. Waziri alipoondoka Februari 2024, kiti kikaachwa wazi. Vijana wanaendelea kwenda jeshini vilevile. Yoon mwenyewe alitangaza utawala wa kijeshi Desemba 2024, na Aprili 2025 akaondolewa madarakani. Huo ndio uzito wa porojo, ndugu yangu: zinaweza kumwingiza mtu ikulu bila yeye kumpunguzia mwanamume yeyote siku moja ya kambi.

Marekani nitapita haraka. Mwaka 2024 Donald Trump alikaa kwenye vipindi vya Adin Ross, Theo Von na Joe Rogan, vinavyofuatwa mno na vijana wa kiume. Hao si wanaharakati wa haki za wanaume, lakini wanaharakati na wao wanavua maji yaleyale. Ushawishi wenyewe ulipita kimyakimya kabla ya hapo: mwaka 2017 waziri wa elimu Betsy DeVos alikutana, pamoja na makundi mengine, na wawakilishi wa National Coalition for Men, shirika la haki za wanaume la tangu miaka ya 1970, na mwaka 2020 kanuni za vyuo kuhusu tuhuma za udhalilishaji wa kingono zikabadilishwa, mtuhumiwa akaongezewa kinga. Hapo hukuona maandamano wala bango.

Na huyo Tate wenu alikamatwa Romania Desemba 2022, akafunguliwa mashtaka ya kusafirisha watu na ubakaji, ambayo anayakana. Muda wote huo anauza kozi. Bando lako ndilo kiingilio.

Kaka Mwalimu, wanawake wana wizara, viti maalum, mikopo ya halmashauri. Mwanamume ana nini zaidi ya kuambiwa apambane? — Bodaboda, Mwanga

Tuzitenganishe, maana umezifunga kwenye kanga moja. Wizara unayoisema inaitwa Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Wazee wako humo, watoto wako humo, hata wamachinga wako humo, na wamachinga unawajua ni akina nani.

Mikopo: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imegawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kijana wa kiume yumo kwenye hizo nne za katikati. Anayebaki nje ni mwanamume mtu mzima asiye na ulemavu, mwenye watoto watano na pikipiki ya mkataba. Hapo una hoja, kaka, na nitaisimamia mbele ya diwani yeyote. Lakini ukiipeleka kama "wanawake wametuibia" umeshaiharibu, kwa sababu mikopo hiyo iliposimamishwa mwaka 2023 hadi 2024, wanawake hawakupata chochote kama wewe.

Viti maalum viko kwenye Ibara ya 66 ya Katiba: wanawake wasiopungua asilimia 30. Unaweza kuvipinga na ukabaki mtu wa heshima. Wapo wanawake wanaovipinga, wakisema mbunge asiye na jimbo anawajibika kwa chama tu. Usichoweza kusema ni kwamba mwanamke hashindi jimbo. Kasulu Mjini mwaka 2020 ilimchagua Profesa Joyce Ndalichako, na majirani zetu wa Urambo, Tabora, wakampa jimbo Margaret Sitta mwaka 2015 na tena 2020.

Nikuongezee moja. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, wavuvi walikaa bila kipato, na akina mama wanaoanika dagaa wakakaa bila dagaa wa kuanika. Katika magrupu yote ya haki za wanaume ninayoyachungulia, sikuona hata mmoja aliyeuliza habari za mvuvi wa Kigoma. Walikuwa wanabishana kama mwanamume halisi anaosha vyombo.

Mwalimu, hujambo? Mwanangu ana miaka 19, ameanza kuimba "kataa ndoa". Anasema sheria inampa mwanamke nusu ya kila kitu hata kama hakuleta kijiko. Ni kweli? Na niogope? — Mama wa watoto wanne, Kasulu

Sijambo, mama. Si kweli, na ni vizuri umeuliza kwa sababu hapa ndipo uongo mwingi umelala.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, haitaji nusu popote. Inaiambia mahakama iangalie kila mmoja alichangia nini, kwa fedha, mali au kazi, madeni waliyoingia kwa faida yao wote, mahitaji ya watoto wadogo, na mila za jamii yao. Kesi inayorushwa sana mitandaoni ni ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ya mwaka 1983. Ni kweli Mahakama ya Rufani ilisema humo kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali. Wasichomwambia mwanao ni mwisho wa kesi: Bi Hawa hakupata mgawo. Mumewe alikuwa amempa fedha, mahakama ikaona amezitapanya, rufaa ikaishia hapo. Vijana wanaapa kwa kesi ambayo mwanamke aliondoka mikono mitupu!

Tena mwambie na hili, litamkera. Kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kama mke na mume, mahakama itawachukulia kuwa wameoana hadi ithibitike vinginevyo. Hata ikithibitika hawakuoana, mahakama bado inaweza kuamuru matunzo. Kwa hiyo anayekataa ndoa halafu akaweka mtu ndani, miaka miwili mitatu, hajakwepa kitu. Amekwepa sherehe na mahari tu. Ama mahari, mama, hapo wazazi wa siku hizi tuulizane kwa upole. Kijana anayeuza vocha anatajiwa bei ya ng'ombe ambao hata babu yake hakuwahi kuwachunga, kisha tunashangaa anapomsikiliza mtu wa YouTube.

Kuhusu kuogopa: wengi wao huishia maneno. Wachache sana huvuka. Mwaka 2014 huko Isla Vista, California, kijana mmoja aliua watu sita akiwa ameacha maandishi ya kuwachukia wanawake, na mwaka 2018 mwingine aliwagonga watu kwa gari Toronto, Kanada. Mwanao akianza kuwasifu wauaji wa namna hiyo, hapo usisubiri. Kwa sasa muulize tu ni msichana gani amemkataa.

Ndugu mwandishi, nimetengana na mke wangu, watoto nawaona kwa picha za WhatsApp. Nimeingia grupu la akina baba, wanasema mahakama zote ni za wanawake. Nifanye nini? — Baba, Ujiji

Pole sana. Kwangu mimi hili ndilo dukuduku zito kuliko yote katika harakati hizi, na ndilo lililozizaa kwingi. Uingereza, kundi la akina baba lililoanza mapema miaka ya 2000, Fathers4Justice, lilifika hadi kumrushia Waziri Mkuu Tony Blair unga wa zambarau ndani ya bunge, Mei 2004. Miezi michache baadaye mmoja wao alipanda ukuta wa Buckingham Palace amevaa kama Batman. Magazeti yalifurahi. Watoto wa wale akina baba sijui walijisikiaje.

Sheria yetu inasemaje: kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa kinatanguliza masilahi ya mtoto. Chini ya miaka saba inadhaniwa ni heri akae na mama, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Zaidi ya miaka saba dhana hiyo haipo. Na baba asiyekaa na mtoto anaweza kuiomba mahakama nafasi ya kumwona kwa vipindi. Anza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ukishindwa ndipo mahakamani. Endelea kutuma matunzo hata kama umekasirika, na tunza risiti za miamala. Baba mwenye risiti za mwaka mzima husikilizwa kuliko mwenye voisi za grupu.

Haya ya wanawake kutawala si yameletwa na wazungu? Mila ya Waha haijui mwanamke kiongozi. — Mzee wa Buhigwe

Shikamoo mzee. Muulize mwenzako wa Kasulu kuhusu Mwami Theresa Ntare wa Heru, aliyekalia kiti cha umwami miaka ya 1950. Watu wa rika lako hawajamsahau.

Eti kuna Siku ya Wanaume duniani, au ni utani? — Mwanafunzi

Ipo. Novemba 19, ilianzishwa 1999 na Jerome Teelucksingh, mwalimu wa chuo kikuu wa Trinidad na Tobago, kwa nia ya kuzungumzia afya na malezi ya wavulana. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonesha wanaume wanaokufa kwa kujiua ni zaidi ya mara mbili ya wanawake. Ukitaka kuadhimisha, mpigie simu rafiki yako aliyenyamaza muda mrefu.

Mwalimu, nina mpango wa kugombea udiwani. Vijana wananiambia nikipanda jukwaani nikasema "wanaume tumesahaulika" kata nzima ni yangu. Nishauri. — Mtia nia, Uvinza

Vijana wako wamesoma nusu ya habari. Chama cha wanaume peke yao hakijapata kushinda kitu. Uingereza kimoja kilisimamisha wagombea wawili mwaka 2015, kura zake zikawa za kuhesabia mkononi. Kenya wana shirika la Maendeleo ya Wanaume tangu zamani. Mwaka 2012 kiongozi wake aliwataka wanaume wasusie chakula cha nyumbani. Kilichobaki ni kichekesho. Wanaofaidika ni vyama vikubwa vinavyookota lugha hiyo wakati wa kampeni, kama ulivyosoma habari za Yoon hapo juu, kisha vinaiweka chini.

Angalia India, kuna jambo la kujifunza. Kifungu cha 498A cha sheria yao ya jinai, cha mwaka 1983, kiliwekwa kuwalinda wake dhidi ya ukatili na madai ya mahari. Wanaume wakalalamika miaka mingi kwamba polisi wanakamata ukoo mzima kwa neno moja. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ilielekeza polisi wasikamate papo kwa hapo bila sababu. Dukuduku hilo lilikuwa na kifungu cha sheria na utaratibu wa polisi wa kurekebishwa, ndiyo maana lilipata jibu. "Tumesahaulika" haina cha kurekebisha.

Kwa hiyo taja kitu. Taja huyu baba wa miaka hamsini asiye na fungu kwenye ile asilimia 10, na useme utalipeleka wapi, maana sheria hiyo haibadilishwi na baraza la madiwani. Taja wavuvi wale nini ziwa likifungwa. Na kabla hujatunga chochote, kumbuka sensa ya 2022 ilihesabu wanawake milioni 31.7 na wanaume milioni 30. Mwaloni Uvinza, wanaokuja mikutanoni mapema na kukaa mbele unawajua. Hotuba nitumie kabla ya mkutano, si baada.